Nusu ya Pili ya Antena

Kwenye barabara za wilaya ya Isingiro, kusini mwa jiji la Mbarara nchini Uganda, pikapu yenye fimbo ndefu mbele haimshangazi mtu. Watoto wa Nakivale wanaijua, wapanda bodaboda wanaijua, na akina mama wanaopanga matoke kando ya barabara wanaipisha wakiwa wameziba pua kwa vumbi. Fimbo imesimama kwenye bampa na inayumba kila gari linapoingia shimoni, na kila anayeiona anaamini kwamba hiyo ndiyo antena. Amepatia nusu. Nusu ya pili ni gari lenyewe: bampa, chasi, kabini, boneti, milango na bodi ya nyuma ya kubebea mizigo. Vyote hivyo vinafanya kazi ya antena, mradi pawe na fundi aliyeviunganisha inavyotakiwa. Kazi hiyo ya kuunganisha, ambayo mafundi huiita kufunga ethi, haionekani na hupakwa rangi juu yake ikishakwisha. Kwa maoni yangu ni kati ya kazi za mikono zinazostahili heshima kubwa kuliko zinazopewa.

Nakivale ni makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwaka 1958, na Wanyarwanda walikuwa miongoni mwa wakimbizi wa mwanzo kupata hifadhi hapo. Leo wanaishi humo watu zaidi ya laki moja: Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na Wanyarwanda, na sokoni Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao. Oruchinga ni jirani yake, ni ndogo zaidi, na imelala bondeni upande wa mpaka wa Tanzania, si mbali na Mto Kagera. Ukisimama hapo ukatazama pande zote, unachokiona ni vilima. Vilima hivyo vinapendeza macho, lakini kwa mtu wa redio ni ukuta.

Redio ya VHF, ile ya masafa ya juu ambayo polisi na madereva wengi wanaitumia, husafiri kama mtu anavyoona: kilima kikikaa katikati, sauti inakatika, labda pawe na mtambo wa kurushia mawimbi juu ya kilele. Simu ya mkononi nayo inategemea mnara na umeme wa mnara. Kwa hiyo mashirika ya misaada katika ukanda huu yamekuwa yakifunga kwenye magari yao redio ya HF, ile ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la simu ya upepo. Mawimbi yake, kati ya megahezi 2 na 30, yanaweza kupanda angani hadi tabaka lenye chembe za umeme, kilomita mia kadhaa juu ya ardhi, kisha yakarudi chini mbali sana na pale yalipotoka. Hayahitaji mnara wala satelaiti, na hayalipiwi kwa dakika. Madaktari wa ndege wa AMREF, shirika lililoanzishwa Nairobi mwaka 1957, walijenga kazi yao kwa redio za namna hiyo, wakizungumza na hospitali za vijijini ambako simu haikuwahi kufika.

Haja hiyo haijazeeka. Juni 2022, kundi la waasi la M23 lilipouteka mji wa Bunagana mpakani mwa Kongo na Uganda, maelfu ya watu walivuka hadi kituo cha Nyakabande, wilayani Kisoro. Wengi wao baadaye walipakiwa kwenye mabasi na malori, wakapitia Kabale na Mbarara hadi Nakivale. Ni safari ya kutwa nzima kwenye milima na makorongo, yenye watoto na wagonjwa ndani ya magari. Kiongozi wa msafara wa namna hiyo anapobonyeza kitufe cha maikrofoni, anataka asikike. Atasikika au hatasikika kutegemea mambo mengi, na mojawapo ni nati moja iliyokazwa chini ya bampa miezi mingi kabla ya siku hiyo.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi tuzungumze habari ya urefu. Wimbi la redio la megahezi 5 lina urefu wa mita 60. Antena ya kusimama inayoridhika na wimbi hilo inahitaji robo ya urefu huo, yaani mita 15, ambao ni urefu wa nyumba ya ghorofa nne au tano. Hakuna dereva atakayepita chini ya nyaya za umeme za Mbarara na mlingoti wa mita 15 kwenye bampa. Kwa hiyo gari linapewa fimbo isiyofika mita 3, na chini yake inawekwa koili yenye kifaa cha kujirekebisha, ambacho kinaidanganya redio iamini kwamba antena ina urefu unaotakiwa. Kampuni za Codan na Barrett za Australia zimejipatia jina kwa vifaa vya aina hii, na ukikagua yadi za magari ya mashirika Afrika Mashariki hutakosa kuviona.

Lakini kufupisha antena kuna gharama yake. Uwezo wa fimbo kuubadilisha umeme uwe wimbi hupimwa kwa omu. Fimbo ya mita mbili na nusu kwenye megahezi 5 ina takriban sehemu 7 za kumi za omu moja, basi. Umeme unaotoka kwenye redio lazima upande kwenye fimbo, na lazima vilevile upate njia ya kurudi kupitia mwili wa gari. Fimbo na gari ni mchi na kinu: mmoja hautwangi bila mwingine. Kama njia ya kurudi ina kutu, rangi, mpira na bolti zilizolegea, njia hiyo nayo inakuwa na omu zake, na omu hizo hazirushi chochote. Zinageuza nguvu ya redio kuwa joto.

Tufanye hesabu ndogo. Redio ya HF ya gari kwa kawaida hutoa wati 125. Tuseme upande wa ethi unakula omu 7, na tuiache kando hasara ya koili. Kinachoruka hewani ni sehemu 7 za kumi kati ya omu 7 na sehemu 7 za kumi, yaani kama wati 11 tu kati ya 125. Sasa tuseme kuna kiungo kibovu kilichoongeza omu 7 nyingine. Zinazoruka zinashuka hadi wati 6. Hakuna taa iliyowaka kumwonya dereva, redio inawaka vizuri, sauti za wengine zinasikika, lakini nusu ya nguvu aliyokuwa nayo imekwisha kwenye kutu iliyo chini ya nati.

Usiku mambo yanazidi. Giza likiingia, anga haiyarudishi tena mawimbi ya masafa ya mchana, na opereta anashuka, pengine hadi megahezi 3. Hapo ile fimbo ya mita mbili na nusu inabaki na robo ya omu tu. Maana yake ni kwamba saa ambayo gari lililokwama linahitaji zaidi kusikika ndiyo saa ambayo ethi mbaya inaadhibu zaidi. Fundi anayelijua hili hafungi ethi kwa ajili ya majaribio ya saa nne asubuhi kwenye yadi iliyo na jua. Anaifunga kwa ajili ya saa nane usiku, mvua ikinyesha, gari likiwa bondeni.

Nimekuwa nikipenda kuwatazama mafundi wa redio wa Mbarara wakifanya kazi hii, na ninachokipenda kwanza ni kwamba hawaanzi na redio. Redio inabaki ndani ya boksi lake. Fundi anaanza kwa kulizunguka gari, akigonga kwa kifundo cha kidole: bampa, ngao ya mbele, boneti, mlango, bodi. Anatafuta mahali chuma kinapokutana na chuma, na mahali chuma kinapodhaniwa kukutana na chuma lakini katikati kuna rangi, gundi au raba. Kisha anatandika gunia na kuingia chini.

Pikapu inamtaka fundi mvumilivu kuliko gari la saluni. Saluni bodi yake imechomelewa ikawa kitu kimoja. Pikapu ni vipande vitatu: chasi, kabini na bodi ya nyuma. Kabini imekalia chasi kwa raba nene zinazopunguza mtikisiko, na raba hizo zinazozuia mtikisiko zinazuia umeme vilevile. Bodi ya nyuma nayo imefungwa kwa bolti zilizopita kwenye rangi, na mara nyingi kwenye vipande vya mpira pia. Injini imekaa juu ya raba zake. Bomba la moshi linaning'inia kwa raba kuanzia katikati hadi mkiani. Boneti na milango vinashikwa na bawaba zilizojaa grisi na vumbi. Kwa macho ya dereva hili ni gari moja. Kwa macho ya wimbi la redio ni mkusanyiko wa mabati yasiyojuana. Kazi ya fundi ni kuyafanya yajuane.

Silaha yake ni mkanda wa shaba uliosukwa, bapa, upana wa vidole viwili hivi. Wenye bajeti wananunua ulio tayari, uliopakwa bati ili usipate kutu haraka. Wasio na bajeti wanauvua kutoka kwenye kebo nene ya antena iliyostaafu: wanachuna ngozi ya nje, wanausukuma ule wavu wa shaba hadi unatoka kama soksi, wanaubapisha, na wanachagua sehemu inayong'aa tu. Iliyogeuka nyeusi au kijani inatupwa. Miisho ya mkanda inabanwa kwenye vikono vya shaba vyenye tundu, kisha inachomelewa risasi ili maji yasiingie katikati ya nyuzi.

Hapa ndipo kijana anayejifunza huuliza swali ambalo kila mwanafunzi wa kazi hii huliuliza. Nilimsikia kijana mmoja kutoka Nakivale, Mkongomani, akimuuliza mwalimu wake, na mazungumzo yao nayakumbuka vizuri.

"Mzee, hapa kuna waya mrefu mwembamba, tayari umefungwa. Multimita inasema sifuri. Kwa nini tuutoe?"

"Multimita inapima kwa umeme wa betri, kijana wangu. Umeme wa redio hauendi hivyo. Utoe, tuweke mkanda mfupi."

Mzee alikuwa sahihi, na sababu yake inafaa kuelezwa. Umeme wa betri hupita katikati na pembeni mwa waya bila kuchagua. Umeme unaokwenda na kurudi mara milioni 5 kwa sekunde hukimbilia kwenye ngozi ya waya: katika shaba hauzami zaidi ya takriban sehemu 3 za mia za milimita moja. Kwa hiyo unene wa waya hausaidii, kinachosaidia ni upana wa uso wake. Tena waya wowote ulionyooka una tabia ya kuupinga umeme unaobadilika haraka. Mita moja ya waya wa kawaida, ambao multimita inausoma sifuri, kwa megahezi 5 inaweka pingamizi la kama omu 30. Ukilinganisha na ile robo au ile sehemu 7 za kumi ya fimbo, utaona ni mlima. Ndiyo maana mafundi wana kanuni wanayoirudia kila siku: mfupi, mpana, safi. Wengi huongeza kwamba urefu wa mkanda usizidi mara tano ya upana wake, na pale isipowezekana wanafunga mikanda miwili sambamba.

Neno la tatu katika kanuni hiyo, safi, ndilo linalokula muda. Mtazame fundi anapotengeneza kiungo kimoja tu, kati ya kitako cha antena na chasi. Anachagua mahali penye chuma kinene, karibu kabisa na kitako. Anaweka washa juu ya rangi na kuizungushia msumari ili apate alama ya duara. Kisha anaanza kuchuna rangi ndani ya duara hilo: kwanza kwa brashi ya waya, halafu kwa msasa mkali, halafu kwa msasa laini. Rangi ya nje inatoka haraka. Chini yake kuna rangi ya kwanza ya kiwandani, ya kijivu, ambayo wengi huidhania kuwa chuma na kuishia hapo. Yeye haishii hapo. Anaendelea mpaka duara linakuwa jeupe na linarudisha mwanga wa tochi. Anafuta vumbi kwa kitambaa chenye petroli kidogo, anasubiri pakauke, na kuanzia hapo hapagusi tena kwa kidole, kwa sababu jasho la kidole lina chumvi.

Anapanga vitu kwa utaratibu usiobadilika: kikono cha mkanda kinagusa chuma kitupu moja kwa moja, juu yake washa ya meno, ile ambayo kingo zake zina ncha kali, kisha washa bapa, kisha nati, na bolti ni ya chuma kisichoshika kutu. Nati inapokazwa, meno ya washa yanauma shaba upande mmoja na kuzuia isilegee. Hatumii skrubu za kujichimbia. Skrubu ya namna hiyo inashika bati kwa nyuzi mbili tatu tu, na barabara ya changarawe itailegeza kabla mwaka haujaisha. Akimaliza kukaza, anaushika mkanda na kuuvuta kwa nguvu zake zote. Usipocheza, anapaka rangi juu ya kiungo chote, na siku ya pili anapaka grisi. Chini ya rangi hiyo kuna mahali pang'avu ambapo hapataonekana tena, na fundi anajua papo.

Baada ya hapo anarudia. Kabini kwa chasi, pembe mbili ikiwezekana. Bodi ya nyuma kwa chasi, na bodi ya nyuma kwa kabini. Boneti kwa mwili wa gari, kila upande wa bawaba, kwa mkanda unaoachiwa ulegevu kidogo ili boneti ifunguke bila kuukata. Injini kwa chasi. Bomba la moshi kwa chasi, sehemu mbili au tatu. Kila kiungo kinachunwa kwa uangalifu uleule wa kile cha kwanza, na hapa ndipo ninapomtambua fundi hodari: kiungo cha mwisho, kilicho mkiani mwa gari ambako hakuna mkaguzi atakayeinama kuangalia, ni kisafi sawasawa na kile cha kwanza.

Bomba la moshi huwashangaza wenye magari. Lina uhusiano gani na redio? Lina uhusiano mkubwa na upande wa kusikiliza. Chuma kirefu kinachoning'inia kwa raba kinaokota kelele za umeme za injini na kuzirusha tena chini ya gari, na kelele hizo zinaingia kwenye antena. Dereva anasikia mlio unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini: huo ni wa altaneta. Injini ya dizeli, iliyo kwenye pikapu nyingi za huku, haina plagi za cheche, na hiyo ni nafuu. Lakini kuna mota ya waipa, pampu, chaja za bei rahisi za simu, na siku hizi taa za LED zinazofungwa kwenye ngao kwa ajili ya urembo. Mwili wa gari ulioshikamana vizuri unazimeza nyingi ya kelele hizo. Hivyo mikanda ileile inayolifanya gari lisikike mbali ndiyo inayolifanya lisikie sauti dhaifu, na katika mawasiliano ya dharura kusikia ni nusu ya kazi.

Baada ya siku mbili za jasho ndipo redio inatolewa kwenye boksi. Nyaya zake za umeme, chanya na hasi, zinapelekwa moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi inawekwa karibu kabisa na betri ili waya ukichubuka popote usiwashe moto. Kisha kinakuja kipimo cha mawimbi yanayorudi. Nguvu isiyokubaliwa na antena hurudi kwenye redio, na kipimo huonyesha uwiano: kwa moja na nusu kwa moja inayorudi ni asilimia 4, kwa mbili kwa moja ni asilimia 11, kwa tatu kwa moja ni asilimia 25. Fundi mchanga akiona namba ndogo anashangilia.

Fundi mzoefu hashangilii bado, kwa kuwa anajua kipimo hiki kinaweza kudanganya. Redio imetengenezwa kupenda mzigo wa omu 50. Antena fupi ya gari lenye ethi nzuri ina omu chache mno, kwa hiyo bila kurekebishwa inaweza kuonyesha namba mbaya. Antena ileile kwenye gari lenye kutu na viungo vibovu inaongezewa omu za hasara, ikasogea karibu na 50, na kipimo kikaonyesha namba ya kupendeza. Nguvu hairudi, ni kweli, lakini hairuki pia: inaishia kwenye kutu. Gari limepasi mtihani kwa sababu ni bovu. Ndiyo maana fundi mzoefu baada ya kuangalia kipimo anataka ushahidi wa sikio la mtu mwingine. Anaita kituo kilicho mbali, anaomba aambiwe anavyosikika, kisha analisogeza gari mahali pengine na kuita tena. Anafungua mlango, anaufunga, anatikisa bodi ya nyuma, huku msaidizi akitazama sindano. Sindano ikiruka mlango unapotikiswa, kuna kiungo kinachosema uongo, na atarudi chini ya gari.

Na kuna onyo ambalo kila fundi hulitoa kabla ya majaribio hayo: mtu yeyote asishike fimbo wakati redio inarusha. Koili iliyo chini yake inaweza kuifikisha fimbo kwenye maelfu ya volti, na umeme huo unaunguza ngozi hadi ndani. Onyo la pili linahusu radi, maana ukanda huu wa maziwa una radi nyingi. Ethi ya gari tuliyoizungumza hailikingi gari na radi, wala haikuwekwa kuteremsha umeme wa radi ardhini. Kazi yake ni kuipa antena nusu yake ya pili. Ngurumo zikikaribia, redio izimwe, maikrofoni iachwe, na watu wabaki ndani na vioo vimefungwa.

Wenye haraka huuliza kwa nini wasitumie kitako cha sumaku, kinachobandikwa juu ya paa bila kutoboa wala kuchuna. Kwa VHF jibu ni kwamba inawezekana. Robo ya wimbi la megahezi 150 ni nusu mita tu, paa la kabini linatosha kuwa nusu ya pili, na kitako cha sumaku kinashirikiana na bati la paa hata rangi ikiwa katikati. Kwa HF hapana. Kwa masafa yale ya chini ushirikiano huo kupitia rangi ni hafifu mno, na fimbo nzito ya mita karibu tatu haiwezi kushikwa na sumaku kwenye barabara ya Oruchinga.

Kazi ikiisha haijaisha. Misimu ya mvua ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba huligeuza vumbi jekundu kuwa tope linaloganda chini ya gari na kukaa na unyevu kwa siku nyingi. Shaba na chuma vikigusana penye maji, chuma ndicho kinacholiwa. Grisi inaoshwa, rangi inapasuka, mkanda wa boneti unakatika uzi mmoja baada ya mwingine. Yadi iliyo makini inaikagua mikanda kila gari linapoingia kwa ajili ya oili, na kila mwisho wa msimu wa mvua viungo vikuu vinafunguliwa, vinasuguliwa na kufungwa upya. Ni kazi ya saa chache, msasa na kopo la grisi.

Naipenda kazi hii kwa sababu haimpi fundi nafasi ya kujionyesha. Seremala ana mlango wa kuonyesha, mshonaji ana kanzu. Fundi wa ethi akiifanya kazi yake vizuri, kinachoonekana ni kwamba sauti ya gari lililo bondeni inafika Mbarara, na sifa inaenda kwa redio. Akiifanya vibaya, lawama inaenda kwa redio pia, ikatolewa, ikapelekwa kutengenezwa wakati haina ugonjwa. Katikati ya sifa na lawama zisizo zake, yeye anachuna duara la chuma mpaka ling'ae, kwa sababu anajua umeme haudanganyiki.

Nina ombi kwa wanaonunua redio za magari, wawe mashirika, hospitali, polisi au wenye hifadhi za wanyama. Mkipanga bajeti ya redio, pangeni pia siku mbili za fundi na fedha ya shaba. Msimwambie asichune rangi ya gari jipya: rangi inarudishwa kwa brashi, lakini nguvu iliyopotea hairudishwi na mtu. Mwombeni awaonyeshe viungo kabla hajavifunika, na mwandike tarehe. Na vijana wa Nakivale, Oruchinga na Mbarara wanaotaka ufundi wa redio waanzie hapo, chini ya gari, na brashi ya waya mkononi. Redio ya gari, hata iwe ya bei gani, haiwezi kuwa nzuri kuliko ethi yake.